Asiyekubali Kushindwa si Mshindani: Somo juu ya Adabu katika Vilabu vya Kriketi

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Mithali hii hutajwa mara nyingi mchezo unapokwisha, ili kumtuliza aliyeshindwa. Lakini katika kriketi ya vilabu vidogo inafaa kukumbukwa tangu mpira wa kwanza, kwa kuwa mchezo huo hauwezi kuendelea hata saa moja ikiwa wachezaji hawakubali neno la mwamuzi. Na mwamuzi mwenyewe, katika vilabu hivyo, aghalabu si mtu wa mshahara wala si mgeni. Mara nyingi ni mchezaji mwenzao aliyesimama nyuma ya vijiti kwa saa moja, ambaye baadaye atakwenda kupiga mpira kama wao.

Somo hili linaeleza jinsi uamuzi unavyofanyika katika michezo ya namna hiyo, makosa ya adabu yaliyo ya kawaida, adhabu zilizowekwa na kanuni, na wajibu wa kapteni na wa kila mchezaji.

MCHEZO WENYEWE

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajapata kuuona mchezo huu, yafaa kueleza kwanza ulivyo. Timu ni mbili, kila moja ina wachezaji kumi na mmoja. Katikati ya uwanja pana njia nyembamba yenye urefu wa yadi 22, yaani karibu mita 20. Kila mwisho wa njia hiyo husimamishwa vijiti vitatu vyenye vipande viwili vidogo vya mti juu yake, na hivyo pamoja huitwa wiketi. Timu moja hutoa wapigaji wawili wawili wenye magongo. Timu ya pili yote imo uwanjani: mmoja hurusha mpira, mmoja huilinda wiketi kwa nyuma, na wengine hutawanyika ili kuudaka au kuuzuia. Mpigaji akiupiga mpira, yeye na mwenzake hukimbia kubadilishana mahali, na kila mkimbio huhesabiwa. Mipira sita ikirushwa kutoka upande mmoja huitwa ova.

Mpigaji hutoka kwa njia kadha wa kadha. Nyingine ni dhahiri, kama vile vijiti vyake vikiangushwa na mpira. Nyingine si dhahiri hata kidogo. Mathalani, mpira ukimgonga mguuni, na mwamuzi akaona kwamba ungaligonga vijiti kama mguu usingalikuwapo, basi mpigaji hutoka, ikiwa masharti mengine ya kanuni yametimia. Huo ni uamuzi juu ya jambo ambalo halikutokea. Hata mtu mwenye macho makali na moyo safi aweza kukosea. Vivyo hivyo mpira ukipita karibu sana na gongo, ukadakwa na mlinda wiketi, huenda asiwepo ajuaye kwa hakika kama uliguswa, isipokuwa mpigaji mwenyewe.

MWAMUZI NI NANI?

Katika michezo mikubwa ya mataifa pana waamuzi waliofundishwa na kulipwa, na tangu mwaka 2008, ulipofanywa mtihani wa kwanza wa utaratibu wa kuukagua uamuzi kwa picha, wachezaji huweza kuomba uamuzi utazamwe tena. Klabu ya mtaa au ya kijiji haina mitambo hiyo. Katika madaraja ya juu ya ligi huletwa waamuzi wasio wa upande wowote. Katika madaraja ya chini mara nyingi hawapatikani. Hapo timu inayopiga hutoa watu wake wawili, wale wanaongojea zamu au waliokwisha kutoka, wakasimama kama waamuzi.

Fikiri basi hali ya mtu huyo. Ni karani, au mwalimu, au fundi, aliyetoa ada yake ya klabu na siku yake ya mapumziko ili acheze. Anatakiwa sasa amwambie rafiki yake mwenyewe, "Umetoka." Akisema hivyo, rafiki hukasirika. Asiposema, wapinzani humwita mwongo. Naye hana kitabu mkononi wala picha ya kumthibitishia. Alicho nacho ni macho yake na uaminifu wake, na ulinzi wake ni adabu ya wale watu 22 tu.

Kanuni zimeweka pia jambo moja la ajabu. Mwamuzi hamtoi mpigaji asipoulizwa. Timu iliyo uwanjani lazima imwulize kwanza, ndipo ajibu kwa kuinua kidole au kwa kukataa. Kwa hiyo uungwana umetakiwa kwa pande mbili: aulizaye asiulize ila aaminipo kwamba mpigaji ametoka, naye aliyejibiwa alipokee jibu, liwe tamu au chungu.

MAKOSA YA KAWAIDA

Makosa mengi ya adabu katika vilabu huanza kwa mambo madogo. La kwanza ni kusitasita. Mpigaji ameambiwa ametoka, naye anasimama pale pale, anautazama mguu wake, anaonyesha gongo lake kana kwamba mpira uliligusa, kisha anaondoka akitikisa kichwa. Hakutamka neno, lakini watu wote wameelewa kwamba anamwita mwamuzi kipofu au mdanganyifu.

La pili ni kelele za kumwuliza mwamuzi juu ya kila mpira, hata ule ambao kila mtu ameona haukuwa na kitu. Wachezaji hufanya hivi wakitumaini kwamba akipigiwa kelele mara kumi atachoka na kukubali mara ya kumi na moja. Huko ni kumshurutisha mtu, si kumwuliza.

La tatu ni kudai mpira umedakwa ilhali uligusa chini kwanza. Mdakaji huyajua yaliyotukia mikononi mwake, na mwamuzi aliye mbali hulitegemea neno lake. Mtu akisema uongo hapo, ameiba wiketi kama mtu aibavyo kuku wa jirani.

La nne ni maneno. Mzaha kidogo kati ya washindani haudhuru. Lakini wako waliogeuza mzaha kuwa matusi, wakamtukana mpigaji, na ukoo wake, na rangi yake, na dini yake, kwa nia ya kumvuruga akili. Wakiulizwa husema, "Hata wachezaji wakubwa hufanya hivyo." Jibu lake ni rahisi. Mchezaji wa kulipwa akitukanwa hurudi kazini kesho kwa kuwa ndiyo riziki yake. Mchezaji wa klabu akitukanwa Jumamosi hii, Jumamosi ijayo hukaa nyumbani na watoto wake, wala hapana sheria ya kumrudisha.

KANUNI YA 42

Kanuni za kwanza za kriketi zilizoandikwa ni za mwaka 1744. Klabu ya Marylebone ya London, iitwayo MCC, iliundwa mwaka 1787, na hata leo ndiyo yenye kuzitunza kanuni hizo kwa ulimwengu mzima. Kwa muda mrefu kanuni zilitegemea heshima ya wachezaji wenyewe. Mwaka 2000 yaliongezwa maneno ya utangulizi juu ya moyo wa mchezo, yanayowataka wachezaji wawaheshimu wapinzani, kapteni wao na waamuzi. Hata hivyo mwamuzi hakuwa na uwezo wa kumtoa mchezaji uwanjani kwa sababu ya utovu wa adabu. Uwezo huo alipewa kwa kanuni mpya zilizoanza tarehe 1 Oktoba 2017. Kanuni ya 42 iligawa makosa katika ngazi nne.

Ngazi ya kwanza ni kama kuonyesha kutokubali uamuzi kwa neno au kitendo, kutumia lugha chafu, kuharibu vijiti au vyombo vya mchezo kwa makusudi, au kupiga kelele za kuuliza kupita kiasi. Kosa la kwanza ni onyo. Na onyo hilo si la mtu mmoja. Ni la timu nzima mpaka mchezo uishe. Mwingine yeyote wa timu hiyo akifanya kosa la ngazi hiyo, wapinzani hupewa mikimbio mitano ya bure.

Ngazi ya pili ni kama kukataa uamuzi kwa ukali zaidi, kumgusa mchezaji mwingine kwa makusudi kwa namna isiyofaa, au kumrushia mtu mpira kwa hatari. Hapo mikimbio mitano hutolewa mara moja, bila onyo.

Ngazi ya tatu ni kumtisha mwamuzi kwa maneno au ishara, au kutishia kumpiga mchezaji au mtu mwingine. Wapinzani hupewa mikimbio mitano, na mkosaji hutolewa nje kwa muda. Ikiwa mchezo una idadi maalumu ya ova, muda huo ni moja ya tano ya ova hizo. Katika mchezo wa ova 40, basi, atakaa nje kwa ova nane. Ikiwa timu yake imo uwanjani, hapana wa kushika mahali pake.

Ngazi ya nne ni kutishia kumpiga mwamuzi, kumgusa mwamuzi kwa makusudi kwa namna isiyofaa, au kumpiga mtu yeyote. Mkosaji hutolewa kwa muda wote uliobaki wa mchezo, na mikimbio mitano hutolewa juu ya hayo. Kapteni akikataa kumtoa mtu wake, waamuzi waweza kuwapa wapinzani ushindi.

Mwenye kuzisoma adhabu hizi kwa makini ataona jambo moja. Mara nyingi mwenye ulimi mrefu ni mmoja, lakini walipao ni kumi na mmoja. Samaki mmoja akioza, huoza wote.

YALIYOTUKIA BERMUDA

Wako wasemao kwamba adhabu hizo ni kali mno kwa mchezo wa kujifurahisha. Watu hao na wayafikiri yaliyotukia Bermuda, kisiwa kilicho chini ya Uingereza katika bahari ya Atlantiki, mwezi wa Septemba mwaka 2015. Klabu mbili za huko, Cleveland County na Willow Cuts, zilikutana katika fainali ya kombe la mabingwa wa vilabu. Yalianza maneno kati ya mlinda wiketi wa upande mmoja na mpigaji wa upande wa pili. Baadaye, ova moja ilipokwisha, mlinda wiketi alimpiga mpigaji, naye mpigaji akainua gongo lake, wakapigana mbele ya watazamaji. Picha za ugomvi huo zilienea ulimwenguni kote kwa siku chache. Halmashauri ya kriketi ya Bermuda ilimfungia mlinda wiketi yule asicheze maisha yake yote, na mpigaji naye akaadhibiwa.

Watu wengi waliozitazama picha hizo hawakuwa wamepata kuisikia kriketi ya Bermuda kabla ya siku ile. Waliyojua juu yake baadaye ni ngumi na gongo. Kazi ya miaka mingi ya vilabu viwili ilifunikwa na dakika moja, na chanzo chake kilikuwa maneno. Ndiyo maana kanuni huanza kuonya kwenye maneno. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

WAJIBU WA KAPTENI

Kanuni zimesema wazi kwamba kapteni ndiye mwenye dhima wakati wote ya kuona kwamba mchezo unachezwa kwa haki na kwa moyo wake. Kwa hiyo kapteni hawezi kujitetea kwa kusema, "Si mimi niliyetukana." Ikiwa mtu wake amemkaripia mwamuzi naye akanyamaza, watu huhesabu kwamba amekubali.

Kapteni ana pia uwezo ambao wengi hawaujui. Ikiwa mpigaji ameamuliwa kutoka, na kapteni wa timu iliyo uwanjani anaona kwamba uamuzi ulikuwa na kosa, aweza kuliondoa swali lao, mwamuzi akiridhia. Mfano ujulikanao sana ni wa mwezi wa Februari mwaka 1980, India ilipocheza na Uingereza huko Bombay. Uingereza walikuwa hali mbaya, wapigaji watano wamekwisha kutoka kwa mikimbio 58. Mpigaji Bob Taylor akaamuliwa kwamba ameugusa mpira uliodakwa. Kapteni wa India, G. R. Viswanath, aliamini kwamba hakuugusa, akaomba arudishwe. Taylor na Ian Botham wakaongeza pamoja mikimbio 171, na Uingereza wakashinda mchezo.

Wengine watasema, "Tazama, uungwana ulimpotezea ushindi." Ni kweli kwamba India walishindwa. Lakini wengi waliokwisha kuyasahau mahesabu ya mchezo ule bado wanakumbuka alilolifanya Viswanath, na hapana amsemaye kwa aibu. Kapteni wa klabu ya mtaa ana uwezo ule ule, na kwake faida ni ya karibu zaidi, maana wapinzani wake wa leo ndio atakaowaomba wamwazime mwamuzi mwezi ujao.

MGENI WA NELSON

Kaskazini mwa Uingereza, katika jimbo la Lancashire, kuna ligi ya miji ya viwanda iliyoanzishwa mwaka 1892. Zamani wachezaji wengi walikuwa watu wa viwanda vya nguo, na kila klabu ilikuwa na mchezaji mmoja tu wa kulipwa. Mwaka 1929 klabu ya mji wa Nelson ilimwajiri Learie Constantine wa Trinidad, mtu mweusi, mjukuu wa watumwa. Katika mji ule watu weusi walikuwa nadra sana, na mwanzoni alitazamwa kama kioja, hata akaletewa barua za matusi.

Constantine alicheza Nelson kwa misimu tisa, na katika hiyo klabu ilichukua ubingwa mara saba. Lakini hakupendwa kwa ushindi peke yake. Aliishi kama jirani kati ya majirani, akakaa mjini humo hadi mwaka 1949. Mwaka 1963 mji wa Nelson ulimpa heshima yake iliyo kubwa, na mwaka 1969 alifanywa kuwa mmoja wa mabwana wa Baraza la Juu la Uingereza, mtu mweusi wa kwanza kupewa cheo hicho cha maisha. Mfano huu waonyesha kwamba uwanja wa klabu waweza kumfanya mgeni kuwa mwenyeji. Waweza pia kumfukuza, ikiwa matusi juu ya rangi yake yangaliachwa kuwa sehemu ya mchezo.

HABARI ZA KENYA

Jambo hili linaihusu Kenya pia. Wakati wa utawala wa kikoloni vilabu viligawanywa kwa rangi na kwa dini, na tangu mwaka 1933 palikuwa na pambano la Wazungu na Waasia. Mwafrika aghalabu alikuwa mtunza uwanja au mtazamaji wa nje ya ua. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 milango ilifunguka kidogo kidogo, na vijana wa Kiafrika wakaingia katika vilabu vya Nairobi, wakacheza pamoja na wenye asili ya Kihindi.

Matunda yake yalionekana tarehe 29 Februari 1996 huko Pune, India, katika Kombe la Dunia. Kenya walipata mikimbio 166, kisha wakawatoa wote wa West Indies kwa mikimbio 93. Kapteni alikuwa Maurice Odumbe. Wengi wa kikosi kile walikuwa na kazi nyingine za kuwapa riziki, nao walijifunzia mchezo katika vilabu vyao. Mwaka 2003 Kenya, chini ya Steve Tikolo, walifika nusu fainali ya kombe hilo. Timu ya namna hiyo, yenye watu wa makabila na dini mbalimbali, haiwezi kutoka katika ligi ambayo watu wake hutukanana kwa kabila na dini kila Jumapili.

YAFAAYO KUTENDWA

Klabu itakayo kudumu na ifanye mambo haya. Kwanza, kila mchezaji afundishwe kanuni, pamoja na ile ya 42, na asimame kama mwamuzi mara kadhaa katika msimu. Aliyewahi kusimama pale hupunguza kelele zake. Pili, kapteni awaambie watu wake kabla ya mchezo kwamba kusitasita baada ya uamuzi hakukubaliwi. Tatu, mwenye kutukana aadhibiwe na klabu yake mwenyewe, hata akiwa mpigaji hodari kuliko wote, bila kungoja ligi. Nne, mchezo ukiisha, washindi na walioshindwa wapeane mikono, nao waamuzi washukuriwe.

Isidhaniwe kwamba kumtii mwamuzi aliyekosea ni unyonge. Heshima si utumwa. Mpigaji aliyeamuliwa vibaya leo hupoteza zamu moja. Lakini ikiwa mwenzake aliyejitolea kusimama ametukanwa, hatajitolea tena, na wiki ijayo hapatakuwa na mwamuzi. Pasipo mwamuzi hapana mchezo, na vijana wanaojifunza hawatakuwa na mahali pa kujifunzia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini onyo la ngazi ya kwanza hutolewa kwa timu nzima, wala si kwa mkosaji peke yake?

2. Mwamuzi wa timu yako amekutoa kwa kosa, nawe una hakika hukuugusa mpira. Yafaa ufanye nini uwanjani, na nini baada ya mchezo?

3. Je, Viswanath alifanya vema au vibaya? Toa sababu zako.

4. Katika mpira wa miguu wa mtaani kwenu, ni makosa yapi yafananayo na haya, na nani awezaye kuyazuia?